Mashindano ya Darubini za Roboti Yapime Kazi Inayobaki

Jioni ya tarehe 21 Januari 2014, mwalimu Steve Fossey alikuwa na wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza katika kituo cha kuangalia anga cha Mill Hill, London, kilicho chini ya University College London. Mawingu yalikuwa yakisogea na somo lilikuwa hatarini kukatika, basi akaamua kuwaonyesha kwa haraka namna kamera inavyofanya kazi kwenye darubini ya kioo cha sentimita 35. Akaielekeza kwenye galaksi ya M82, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi. Ikatokea nyota ambayo kwenye picha za zamani haikuwapo. Wakabadilisha vichujio, vile vioo vinavyopitisha rangi moja tu ya mwanga, kuona kama itapotea, haikupotea. Wakawasha darubini ya pili wasije wakadanganywa na hitilafu ya kamera, kisha wakapeleka taarifa kwenye ofisi ya kimataifa inayopokea habari za vitu vipya vya angani. Hiyo ndiyo SN 2014J, mojawapo ya supanova (milipuko ya nyota) za aina iitwayo Ia zilizo karibu nasi zaidi kuwahi kuchunguzwa kwa vifaa vya kisasa.

Baadaye likajitokeza jambo lililonivutia kuliko ugunduzi wenyewe. KAIT, darubini ya roboti (inayojiendesha yenyewe) ya Lick Observatory huko California, ilikuwa imeshaipiga picha galaksi hiyo siku kadhaa kabla ya jioni ile, na supanova ilikuwamo ndani ya picha. Picha hizo zilikuja kuwa na faida kubwa, maana zilitumika kukadiria saa ambayo mwanga wa kwanza wa mlipuko ulianza kuonekana. Roboti ilikuwa imeona, lakini taarifa ilitoka kwa watu waliotazama, wakatilia shaka, wakahakikisha, wakatuma.

Hatua hizo nne, kutazama, kutilia shaka, kuhakikisha na kutuma, ndizo ninazozitafuta kila ninaposoma tangazo la shindano la miradi ya astronomia kwa darubini za roboti. Mashindano haya yanafanana. Mshiriki, awe mwanafunzi au mtu mzima mwenye kazi yake nyingine, anaandika mradi. Waandaaji wanampa saa kadhaa za darubini iliyo mbali. Anapokea picha, anazichambua, anawasilisha ripoti, na waamuzi wanatoa tuzo. Wazo ni zuri na ninaliunga mkono. Ugomvi wangu ni na vigezo. Mara nyingi kinachopewa alama ni kile kinachopendeza siku ya tuzo: picha ya nebula (wingu la gesi na vumbi angani) yenye rangi kali, bango lililopangwa vizuri, mshiriki anayejua kuzungumza. Siku ya tatu baada ya tuzo hakuna mtu yeyote duniani anayekitumia kitu hicho.

Vifaa vyenyewe si kisingizio tena. Las Cumbres Observatory, iliyoanzishwa na Wayne Rosing mwaka 2005, ina darubini za vioo vya mita 2, mita 1 na ndogo zaidi zilizotawanywa Hawaii, Texas, Chile, Visiwa vya Canary, Sutherland nchini Afrika Kusini na Siding Spring nchini Australia, hivi kwamba kunapopambazuka upande mmoja, upande mwingine giza linaingia. Zile mbili za mita 2 zilianza kama mradi wa tajiri Dill Faulkes wa kuwapa wanafunzi nafasi kwenye darubini kubwa. Liverpool Telescope iliyoko kisiwani La Palma, nayo ya mita 2, hutenga sehemu ya muda wake kwa shule kupitia National Schools' Observatory. Kuna mtandao wa Skynet wa University of North Carolina, wenye darubini zake za PROMPT huko Cerro Tololo, Chile. Na kuna MicroObservatory, darubini ndogo za vioo vya sentimita 15 hivi ambazo wataalamu wa Harvard na Smithsonian wamekuwa wakiwaachia wanafunzi tangu miaka ya 1990. Ndogo hizo zisidharauliwe. Kwa kazi nyingi zinatosha kabisa.

Anayeomba hagusi kitu. Anataja nyota anayoitaka, kichujio, muda wa kukusanya mwanga na idadi ya picha. Programu inayopanga foleni inalinganisha ombi lake na mamia mengine, inaangalia mwezi uko wapi, mawingu yakoje, nyota iko juu kiasi gani, kisha inachagua kituo. Mwombaji anaamka na kukuta mafaili. Ni ajabu ya kweli, na hapo ndipo msemo wa kipya kinyemi unapoingia: watu wanashangilia kupokea faili kana kwamba kulipokea ndiyo kazi.

Nirudi kwenye picha za rangi, kwa sababu nikiishia kuzibeza nitakuwa nimezionea. Kamera ya darubini hurekodi kijivu tu. Rangi hupatikana kwa kupiga picha kadhaa kupitia vichujio tofauti na kuziunganisha, na mwanafunzi anayefanya hivyo kwa mikono yake anajifunza kuhusu mwanga mambo ambayo ubao wa darasani haumpi. Lakini picha ikipimwa kwa uzuri, shindano linageuka kuwa la ustadi wa programu za kuhariri picha, na nebula ya Orion imeshapigwa picha nzuri kuliko itakayopigwa na mshiriki yeyote. Picha hiyohiyo ikibebeshwa swali inakuwa kitu kingine. Chukua nebula ya Kaa, mabaki ya mlipuko ulioonekana mwaka 1054. Gesi yake bado inakimbia kwenda nje kwa kasi ya takriban kilomita 1,500 kwa sekunde. Ukiipiga leo na kuilinganisha na picha iliyopigwa miongo mitano iliyopita, vifundo vya gesi vimesogea kiasi cha kupimika. Ukigawa umbali vilivyosogea kutoka katikati kwa mwendo wake, unapata mwaka wa mlipuko kwa kukadiria, kisha unauliza kwa nini jibu lako linakuja baada ya 1054 badala ya kuangukia palepale. (Upanuzi umekuwa ukiongezeka kasi.) Huo ni mradi. Na bado una picha nzuri ya kutundika ukutani.

Uwanja ambao mashindano haya yangeweza kuuchangamkia kuliko yanavyofanya ni ule wa sayari za nyota nyingine. Mwaka 1999 nyota ya HD 209458 ilikuwa ya kwanza kuonekana ikififia kwa sababu sayari yake imepita mbele yake. Mwanga ulishuka kwa takriban asilimia 1.5, na jambo hilo hurudi kila baada ya siku 3.52. Asilimia moja na nusu ni kitu ambacho darubini ndogo yenye kamera nzuri inaweza kukipima, ilimradi mpimaji ajue kulinganisha nyota yake na nyota jirani zisizobadilika, ili mawingu membamba na hewa inayotikisika viathiri zote kwa pamoja na kufutana.

Mtu atauliza: kama sayari inajulikana tangu 1999, kuipima tena kuna faida gani? Hapa ndipo hesabu ndogo inapoamua. Tuseme mzunguko wa sayari ya namna hiyo umekosewa kwa sekunde moja tu. Kwa miaka kumi inapita mbele ya nyota yake mara elfu moja na kidogo, na kosa linajikusanya mpaka kuzidi robo saa. Darubini ya angani, ambayo kila saa yake inagombewa na wataalamu, ikielekezwa kwa ratiba iliyokosewa hivyo inaweza kukosa mwanzo wa tukio lenyewe, na kwa sayari ambazo mzunguko wake umekosewa zaidi inaweza kukosa tukio zima. Ndiyo maana NASA ina mradi wa Exoplanet Watch unaopokea vipimo kutoka kwa watu wa kawaida, na Wazungu wanaoandaa chombo cha Ariel wana mradi wa ExoClock kwa kazi hiyohiyo. Kijana wa sekondari anayepata dakika ya katikati ya tukio, na kusema kwa uaminifu kosa lake linaweza kuwa dakika ngapi, amefanya kazi inayoingia kwenye ratiba ya chombo cha anga. Kwenye shindano linalopima uzuri, huyo anashindwa. Grafu yake ni nukta nyeusi zenye bonde katikati, haina la kupendeza.

Hoja yangu basi ni hii: mwamuzi wa kwanza awe hazina ya data. Nyota geugeu, zile ambazo mwangaza wake hubadilika, zina AAVSO, chama kilichoanzishwa mwaka 1911 ambacho hukusanya vipimo vya mwangaza kutoka kwa yeyote duniani. Asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua, zina Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachopokea vipimo vyake. Sayari za nyota nyingine zina miradi niliyoitaja. Kila moja ina fomu yake, na fomu hizo hazijali mshiriki ana miaka mingapi au anazungumza vizuri kiasi gani. Zinauliza saa, kichujio, nyota ya kulinganishia, kiasi cha shaka katika kipimo. Bango linaweza kuficha kwamba mshiriki hakupima shaka yake. Fomu haifichi, kwa sababu kisanduku kinabaki wazi. Shindano likisema kwamba sehemu kubwa ya alama, theluthi moja kwa mfano, itatokana na data kuwasilishwa mahali inapoweza kutumiwa na mtu asiyemjua mshiriki, tabia za washiriki zitabadilika kabla hata darubini haijafunguliwa.

Jambo hili limeshathibitishwa kwenye asteroidi. International Astronomical Search Collaboration, iliyoanza mwaka 2006, huwapa wanafunzi picha mfululizo za sehemu moja ya anga, nao hutafuta nukta inayosogea kati ya picha moja na nyingine. Vipimo vyao hupelekwa Minor Planet Center. Mwanafunzi anayeona nukta tatu zimepangana na kukimbilia kushangilia hujifunza upesi kwamba kamera nazo hutengeneza nukta, na kwamba kitu cha kweli kina mwendo unaolingana na mwangaza unaolingana. Hakuna hotuba ya mwamuzi inayofundisha hivyo.

Kigezo cha pili ningekiweka kabla ya picha ya kwanza kupigwa, na mfano wake ninautoa mbali. Mwaka 1986 Riccardo Giacconi, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayoendesha darubini ya Hubble, alitangaza kwamba atatoa saa chache kutoka kwenye fungu lake mwenyewe kwa wasio wataalamu wa kazi hiyo. Maandiko yalichujwa kwa ukali: yawe na thamani ya kisayansi, yasirudie kilichoombwa na wataalamu, na yawe ni ya kitu ambacho darubini ile peke yake ingeweza kukifanya. Watu kumi na watatu walipata nafasi, na kazi zao zilifanywa kati ya 1990 na 1997. Sharti la tatu ndilo ninalolipenda. Likigeuzwa kwa ajili ya darubini ndogo linasomeka hivi: je, swali hili linakifaa chombo hiki? Anayeomba kioo cha sentimita 40 kimpatie mashimo meusi ya mwanzo wa ulimwengu amekosea kabla ya kuanza, na ni heri aambiwe mapema kwa upole, na aelekezwe, kuliko kupewa saa tano za mawingu na aibu.

Halafu kuna wanaokosa. Mshiriki ametabiri nyota itafifia usiku fulani, amepima, haikufifia. Ikiwa kipimo ni kizuri, hilo ni jibu kamili, na pengine lina thamani kuliko jibu lililotarajiwa. Waamuzi wasiolipa alama matokeo ya namna hiyo wanafundisha, bila kukusudia, kuyapindisha. Hapo sitaki mjadala mrefu: andiko la mradi lipewe alama zake kabla ya data kuja, lifungwe, na matokeo yoyote yasiziguse.

Swali la wanafunzi na watu wazima kushindana pamoja lina kelele nyingi kuliko linavyostahili. Umri si kipimo kizuri cha uzoefu kwenye fani hii. Mtoto wa miaka kumi wa Canada aliripoti supanova mwanzoni mwa 2011, katika picha zilizopigwa na rafiki wa familia siku ya mwisho ya 2010. Hanny van Arkel alikuwa mwalimu wa shule nchini Uholanzi alipoona, mwaka 2007, wingu la ajabu linalong'aa karibu na galaksi moja katika mradi wa Galaxy Zoo, ambako watu wa kawaida hupanga picha za galaksi. Hakuwa mtaalamu wa anga, lakini aliuliza kile kitu ni nini, na darubini kubwa zikageuzwa kutazama. Nyota ya KIC 8462852 iligunduliwa kuwa na tabia zisizoelezeka na watu wa kujitolea waliokuwa wakipitia data ya chombo cha Kepler. Mwaka 2016 wananchi walichanga zaidi ya dola 100,000 ili ifuatiliwe na darubini za Las Cumbres. Nyota ilipofifia tena mwaka 2017, vichujio vilionyesha mwanga wa bluu ukipungua kuliko mwekundu, ishara ya vumbi, na ndoto za waliodhani kwamba mitambo ya viumbe wengine ndiyo iliyokuwa ikiziba mwanga wake zikapata pigo.

Ningegawa makundi kwa uzoefu: aliyewahi kuwasilisha data mahali na asiyewahi. Mstaafu anayefungua faili la darubini kwa mara ya kwanza ashindane na kijana anayelifungua kwa mara ya kwanza. Kinachowatofautisha hasa ni muda. Mtu mzima anaweza kufuatilia nyota moja kwa miaka, mwanafunzi ana muhula. Timu za mchanganyiko zingefaidi kuliko kila mmoja kwenye kona yake, ingawa zina hatari inayojulikana: mkubwa anafanya, mdogo anawekwa mbele siku ya picha. Dawa yake ni mazungumzo ya dakika kumi na kila mwanatimu, bila slaidi, faili la data likiwa wazi kwenye skrini. Kwa sasa ambapo programu zinaweza kuandika ripoti laini isiyo na kasoro ya lugha, mazungumzo hayo ni ya lazima hata kwa mshiriki aliye peke yake. Ripoti ibaki na uzito mdogo, data na maelezo ya jinsi ilivyosafishwa viwe na uzito mkubwa.

Kuna kizuizi ambacho waandaaji hukisahau kwa kuwa wao hawakutani nacho. Husemwa kwamba darubini ya roboti imefuta umbali, na kwa upande wa anga ni kweli. Lakini picha moja ya kamera yenye nukta 4,096 kwa 4,096 ina ukubwa wa megabaiti 33 kabla ya kubanwa. Kufuatilia sayari ikipita mbele ya nyota kunaweza kuhitaji picha 150, nazo ni gigabaiti tano kwa usiku mmoja. Mwenye intaneti ya kupimapima anaishia kuchagua picha chache, na kipimo chake kinaharibika kwa sababu isiyohusiana na akili yake. Waandaaji wangeweza kuacha data ikae kwenye kompyuta zao na kumruhusu mshiriki achambue akiwa mbali, kupitia ukurasa mwepesi, kama anavyoiendesha darubini akiwa mbali. Si jambo gumu kiteknolojia. Bila hilo, shindano linapima mfuko.

Wapo wanaosema yote haya yamepitwa na wakati. Vera C. Rubin Observatory, yenye kioo cha mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200, ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025, na mpango wake ni kuipiga picha anga ya kusini kwa miaka kumi mfululizo. Mtoto na kioo chake cha sentimita 40 atafanya nini hapo? Atafanya kile ambacho jitu hilo haliwezi. Nyota angavu huifurika kamera ya Rubin mpaka kipimo kinapotea, na darubini yenyewe hairudi kwenye nyota moja kila baada ya dakika mbili usiku kucha, ina anga nzima ya kupitia. Itakachokitoa kwa wingi ni taarifa kwamba kitu fulani kimebadilika. Kufuatilia kimebadilikaje, saa baada ya saa, ni kazi ya vioo vidogo vingi vilivyo katika longitudo tofauti, na watu wenye subira ya kuviomba muda.

Kwenye subira ndipo mashindano yanapojinyima. Nyota ya Mira huchukua takriban siku 332 kumaliza mzunguko wake wa kung'aa na kufifia. Shindano la wiki sita haliwezi kuigusa, wala haliwezi kugusa nyota pacha ambazo mizunguko yao inahama polepole mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ningeongeza tuzo moja ambayo sijaiona ikitangazwa: ya kuendeleza mradi wa mtu mwingine. Mshindi wa mwaka mmoja aache data, hatua zake na maswali aliyoshindwa kujibu. Timu ya mwaka unaofuata ichukue hapo, irudie sehemu ya vipimo vyake kuona kama vinasimama, iongeze vyake, na alama zigawiwe pande zote mbili.

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi ya Apophis itapita takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini kuliko satelaiti za mawasiliano zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi, na itaonekana kwa macho katika sehemu za Ulaya, Afrika na Asia ya magharibi. Itakuwa ikikimbia angani kwa kasi ambayo darubini nyingi za foleni hazikupangwa kuifuata. Shindano litakalotangazwa miezi miwili kabla litavuna mistari meupe kwenye picha nyeusi. Litakalokuwa limeanza miaka kadhaa nyuma, timu zikirithishana, litakuwa na watu waliokwishafanya mazoezi kwenye asteroidi nyingine zinazopita kwa kasi: wanaojua sekunde ngapi za mwanga zinatosha, saa ya kompyuta ya kituo inapotoka kwa kiasi gani, na fomu ya Minor Planet Center inajazwaje saa tisa za usiku.